Mashariki ya Ukumbi Wetu

Chombo cha anga Eitei, 3 Machi, mwaka wa tatu wa safari

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, hofu ni kwako na mguu wako ule. Mama bado anakuficha chumvi?

Baba, ukumbi wetu wa kulia umebaki mtupu. Viti vya wahandisi vilituumiza migongo miaka miwili, mwezi uliopita tukaving'oa na kutandika mikeka, tukae kama kwenye maneaba, nyumba ya baraza kule nyumbani, kila ukoo chini ya boriti yake, kuhesabu toka mashariki. Hapo mzee Kaitara akauliza, "Mashariki ni wapi humu?" Akajijibu mwenyewe kwamba ni nyuma, liliko jua letu. Tiaon wa mitambo akamwambia, "Mzee, jua lako sasa ni punje ya mchele. Mashariki ni mbele, kwenye jua tunaloliendea."

Tangu siku hiyo hakuna anayekubali kukalia mahali pa mwenzake. Koo nane, kila mmoja unachukua magimbi yake jikoni kwangu na kwenda kujifungia chumbani. Na tumebakiza miaka kumi na tisa njiani.

Kwenye maneaba neno la kwanza ni la ukoo wetu, na humu ukoo wetu ni mimi peke yangu. Wananitazama mimi. Naogopa kukosea. Barua huchukua miezi minne, nitasubiri. Niambie, mashariki ni wapi?

Mwanao,
Teretia

Chombo Eitei, 20 Novemba

Baba,

Shikamoo. Sijambo, ingawa nimekasirika.

Miezi minane imepita, na barua iliyokuja ni ya Mama. Anasema uliisoma yangu, ukacheka, ukasema mguu unakuuma, ukaenda kulala. Wewe mwenyewe hata mstari mmoja.

Basi jana niliweka sufuria katikati ya ukumbi na sikupakua. Walipojaa na mabakuli yao nikasema, "Jua halichomozi lilikozama. Lile tumelipa kisogo, kwetu limeshatua. Mashariki ni mbele." Mzee Kaitara akavuka ukumbi, ameinama mbele za watu, akaketi chini ya boriti yake upande wa pili. "Pakua basi," akasema. "Tufe njaa kwa ajili ya jua?"

Leo wamekula wote pamoja. Lakini uliniacha peke yangu, Baba.

Mwanao,
Teretia

Tabiteuea, 2 Aprili

Teretia mwanangu,

Sote wazima. Chumvi naiba.

Jibu nililijua siku ile ile. Ningekuandikia, wangesema milele, "Tumwulize baba yake," na kila ugomvi ungengoja miezi minane. Mama yako alininunia wiki mbili. Mimi usingizi ulinipaa hadi barua yako ilipofika. Nikaisoma mbele ya maneaba nzima, na sikuweza kuimaliza, akaimalizia mdogo wako Aana.

Mahali pako hapa nimemkalisha yeye. Najua itakuuma. Lakini wewe sasa una boriti yako, na mtu haketi pawili.

Bahari imeifikia nguzo ya magharibi ya maneaba, lazima tuihamishe nyumba hii. Wazee wamegawanyika, na neno la kwanza ni la Aana. Jana akanijia analia, "Baba, tuihamishie wapi?"

Nikamwambia mguu unaniuma, nikaenda kulala.

Baba yako