Mikono Miwili Kabla ya Moto

Jumatatu, 8 Julai

Nimechoka. Tumekata miwa tangu alfajiri, mgongo kama si wangu. Masizi puani, kwenye chai, kwenye mate. Kule kwetu Lusikisiki wanadhani huku Natal tunalamba sukari tu.

Jumapili ndiyo siku yangu. Kizibao chekundu cha Umoja wa Wanaume wa kanisa, hatimaye. Tata Gcinikhaya – tata kwetu ni baba – ndiye atakayesimama nami. Ni mhubiri wetu hapa kambini, mtu wa nyumbani, kitanda chake kiko karibu na changu. Atanishika bega mbele ya kanisa zima aseme: maisha ya huyu nimeyaona. Bila mtu wa kusema hivyo, huvikwi.

Nimekijaribu. Kinabana tumboni – makande ya kambi hayo! Nilidhani nitafurahi. Labda furaha inakuja na siku yenyewe.

Jumanne, 9 Julai

Jioni tulichoma shamba la bondeni, majani yaungue kabla ya kukata. Nyapara Mkhwanazi alinituma mimi na Tata Gcinikhaya kuzunguka. Ndivyo inavyofanywa: mmoja anapita upande wa kilima, mwingine upande wa mto, kila mtu anaita kwa sauti, aliyemo atoke. Ukimaliza upande wako unainua mkono. Nyapara akiona mikono miwili, moto unawashwa.

Nilipita upande wangu, wa kilima. Niliita. Ukiwa kule juu bonde lote unaliona. Tata alikuwa ameketi nyuma ya trela, buti moja kalivua. Hakuita hata mara moja. Niliporudi alisimama, akainua mkono. Nyapara akanitazama mimi. Nikainua wangu. Nilikuwa na njaa, nilitaka kwenda kuoga.

Miwa ikishika moto inanguruma, husikii kitu kingine.

MaNgubane, mama wa maandazi, alikuwamo. Upande wa mto, anachuma mboga. Alitoka mwenyewe. Miguu yake –

Basi.

Jumatano, 10 Julai

Kazi. Sikula.

Alhamisi, 11 Julai

MaNgubane ni yule mama anayetuuzia maandazi getini asubuhi. Leo getini hapana mtu. Watu wamepita wakiangalia pale anapowekaga beseni, halafu wakaendelea.

Nyapara ametukusanya. Kasema wazi: watu wawili walizunguka, watu wawili waliita, mama hakutoka. Masikio yake mabovu. Tajiri mwenye shamba amekwisha kuambiwa hivyo, na maneno yamekwisha.

Masikio mabovu? Wiki iliyopita mwenzetu Sabatha alinung'unika huko mwisho kabisa wa foleni kwamba maandazi ya siku hizi ni mawe. Mama hakugeuza hata shingo, akajibu: “Basi chukua kumi ujenge nyumba, labda utapata mke.” Tulicheka mpaka Sabatha mwenyewe akacheka.

Leo huyo huyo Sabatha anasema, kweli, mama alikuwa hasikii vizuri. Na mimi nilikuwa nimekaa pale pale nanoa panga.

Ijumaa, 12 Julai

Nilimfuata Tata Gcinikhaya bombani, anafua shati la Jumapili. Nikamwambia nilimwona. Hakukataa. Akakunja suruali, akanionyesha goti. Limevimba kama boga. Anasema siku ile lisingemfikisha hata nusu ya shamba, na nyapara akilijua goti hilo kesho yake anamrudisha nyumbani. Nyumbani wanakula kwa mkono wake. Nayajua. Na wa kwangu wanakula kwa wangu.

Halafu akaniita Tshezi. Jina la ukoo. Akiniita hivyo najua kuna kitu anataka.

“Tshezi, Mungu ameona. Nimemlilia usiku kucha, nimemwambia yote. Sasa unataka nimwambie nani tena?”

Nilimsaidia kukamua shati.

Alilia kweli, lakini. Nilimsikia. Hilo ndilo linalonisumbua: si mnafiki. Anaamini Mungu anaona, na akishaona imetosha. Mimi pia nimeamini hivyo miaka yote. Hata gizani kwenye miwa, mahali asipofika nyapara, nakata chini kabisa, siachi kisiki, kwa sababu naonwa. Watu wananicheka. Mkono wangu ule uliinuka mbele ya macho ya watu.

Nilijaribu kuomba. Maneno yalitoka. Ndani hakuna kilichosogea.

Jumamosi, 13 Julai

Thobile, binti wa MaNgubane, alikuja kambini baada ya kazi. Mwanamke mtaratibu. Hakuja kugombana. Alisema mama yake hajali hata miguu. Anachouliza kila anayeingia wodini ni kimoja: waliita? Maana yeye hakusikia kitu. Anaogopa akili imeanza kumtoka, kama ilivyomtoka bibi yake.

Akamuuliza Tata. Tata akasema tuliita, mwanangu.

Akanigeukia. “Na wewe, baba? Uliita?”

“Niliita.”

Ni kweli. Niliita. Kilimani.

Akanishukuru! Akashika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Kasema atamwambia mama apumzike sasa.

Tata aliniambia usiku nilifanya vyema, sikusema uongo. Aligeukia ukutani, akalala. Au hakulala.

Jumapili, 14 Julai

Kanisa lilijaa. Tulipangwa mbele, tuliotakiwa kuvikwa, vizibao vimewekwa kwenye kiti. Mahubiri ya Tata yalikuwa juu ya jicho lisilofumba. Alihubiri vizuri. Wamama walilia. Mimi nilikuwa natazama anavyoegemea mimbari kuuficha mguu.

Wimbo ulipoanza, akaanza kuja kwangu, mkono umeshanyooka kuelekea bega langu. Nikamwambia mwenzangu wa kando nakwenda chooni. Sikwenda chooni. Nilipitia mlango wa nyuma nikashika barabara. Sikuamua. Miguu ilikwenda tu.

Naandika kwenye benchi la hospitali ya mjini. Nesi kasema saa ya kuona wagonjwa bado. Thobile amenikuta hapa, kafurahi mno. Kasema mama ameshakubali. Jana alipoambiwa kwamba wanaume wenyewe wamekiri waliita, alisema basi ni masikio, uzee umefika. Tangu hapo haulizi tena. Hata watu wakiongea haangalii.

Nikamwambia Thobile nina neno la kumwambia mama. Kasema nimwambie taratibu na kwa nguvu, asikie.

Sasa nesi amefungua. Thobile katangulia kumwinua kitandani. Mlango uko wazi. Nasikia mama anauliza nani amekuja, kwa sauti ndogo ambayo si yake. Thobile anamjibu kwa kupaza, wodi nzima inageuka:

“Ni yule aliyekuita, mama.”