Sumaku Katika Makubadhi Yako

Dada Mwanaisha,

Shikamoo. Arubaini yako ilisomwa jana. Wageni wameondoka, nami nimeketi kwenye kibanda changu cha kutengenezea baiskeli, hapa Ngamiani, makubadhi yako mapajani.

Nina kinyongo, nikwambie kabisa. Kila anayenipa mkono wa pole anasema, "Angalau sumaku zako zilimpunguzia." Zilimpunguzia nini?

Yule mchuuzi wa bangili za sumaku, aliyedai zinafyonza maumivu ya miguu ya wenye kisukari kama wewe, nilimcheka mbele yako, nikasema hata mimi naweza. Kisha nikafungua dinamo nne mbovu za baiskeli, nikavunja sumaku zake vipande vyembamba, nikazipachika kwenye soli zako, nikafunika kwa ngozi na kupigilia misumari. Ukasema, "Fundi, usije ukanitia na breki."

Nikahesabu, kama ninavyohesabu kila kitu. Siku ya kwanza ulitoka mlangoni kwenda bombani, hatua ya kumi na nane ukalia miguu inawaka moto. Wiki ya tatu, hamsini. Mwezi wa tatu, mia na sitini, kwenda na kurudi, kimya. Nikaandika kwa chaki ukutani, wateja wasome. Mimi niliyejifundisha kazi mwenyewe, nimeponya miguu!

Hesabu haikukosea. Ila nilikuwa nahesabu ganzi. Daktari alinieleza ulipokuwa umeshalazwa: moto ulizimika kwa kuwa mishipa ya fahamu ilikuwa inakufa. Na kile kidonda cheusi cha unyayoni, kilichokuondoa, kilitokana na msumari uliopenya soli. Msumari wangu, wa nusu inchi.

Lakini Dada, ulikuwa ukitawadha mara tano kwa siku, mkono wako ukipita unyayoni. Ulikigusa. Nilipokuuliza pale wodini mbona hukusema, ukajibu, "Ulivyoifurahia ile chaki yako!" Basi. Tangu siku hiyo sijui nikukasirikie wewe au mimi.

Leo asubuhi jirani yetu Bi Zuhura, naye ana kisukari, ameleta viatu vyake nivitie sumaku. Nikamwambia, "Vua, lete mguu." Akacheka, "We, unaniposa?" Nikautazama unyayo wote, hadi katikati ya vidole. Mzima. Nimemwambia sindano za hospitali asiache, na kila Ijumaa apite hapa nimtazame.

Nakuahidi, Dada: nitatazama nyayo kwanza, hatua baadaye.

Mungu akulaze pema. Chaki nimeifuta.

Mdogo wako,
Fundi