Kunizuia Mimi Nisimwadhinie Mjukuu

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimeswali. Nimemwagilia minazi michanga. Sasa nasubiri viza. Mwanangu Mwanasiti yuko ng'ambo, mimba imefika miezi yake. Mtoto akizaliwa lazima aadhiniwe sikioni, na wajukuu wote wa nyumba hii nimewaadhinia mie. Mwabungo nzima hakuna sauti kama yangu. Hata muadhini wa msikitini anajua, hasemi tu. Mumewe, Yusufu, ni Mkamba, kasilimu majuzi tu. Adhana ataiwezea wapi?

Jumatano, 8 Oktoba
Wamenikataa. Kyalo, babake Yusufu, seremala Mkristo wa Ukunda, yeye wamempa. Tulikwenda ubalozini Nairobi pamoja, tukahojiwa na mtu yule yule. Kyalo hakumaliza hata kukaa. Mie nikaulizwa naswali wapi, na nani, vijana wa msikitini namjua yupi. Nikasema nawajua wote, nusu yao nimewaadhinia mie. Nilijibu vizuri sana. Nina hasira. Sikula.

Ijumaa, 10 Oktoba
Kyalo kaja kunipa pole baada ya swala. Nikamwambia watu wale wanaichukia dini yetu, basi. "Mkwe, wanaogopa," akasema. "Mtu ana haki ya kuchagua mgeni." Mie wa kuogopwa? Nimemtupia nani jiwe?
Baraza ikajaa. Mmoja akasema wabaya wapo, wametuharibia jina. Mwingine akasema mbona wabaya wa dini nyingine hawawaharibii wenzao. Huyo nikampigia makofi.
Kyalo akacheka. "Na wewe je, mzee? Mwanangu miaka miwili hukumruhusu kukanyaga uani kwako. Ukasema wabara ni wezi. Uliniuliza hata nasali wapi?"
Watu wakaangua kicheko. Nimemfukuza.

Jumapili, 12 Oktoba
Kyalo anasafiri Jumanne. Hajaja. Sijamwita.
Mke wangu asema, "Baba Mwanasiti, si uadhini kwa simu?" Adhana ya simu! Nimekataa. Nikishakataa nimekataa.
Maneno ya Kyalo yananichoma. Yangu na ya watu wale si mamoja. Mie nilikuwa namlinda binti yangu. Wale wanalinda nini?
Si mamoja.

Jumanne, 14 Oktoba
Mtoto kazaliwa alfajiri. Mwanamume. Alhamdulillahi.
Yusufu kamwadhinia mwenyewe. Hakuniuliza. Mwanasiti katuma sauti, nimeisikiliza mara nyingi. Ile "hayya" kaitamka kibara. Mahali pamoja kakwama, karudia. Mtoto kanyamaza mpaka mwisho.
Kyalo kapita kuaga, teksi ikimngoja njiani. Ya Ijumaa hakuyataja. Wala mie. Mke wangu kampa leso na halua ampelekee mzazi.
Nikamwambia, "Mwambie Yusufu nimeisikia adhana yake, kaadhini sawasawa."
"Nimwambie umesema wewe?"
"Mie."
Nikamchukulia begi mpaka kwenye gari.