Lenzi Uliyoikataa, Baba Neema

Baba Neema,

Nimenunua ile lenzi ya ishirini na nne. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeliuliza kabla hata ya kuuliza tumeamkaje. Halafu, mama yako tumemzika Jumamosi kule Ileje. Kama kweli watu hukutana huko mliko, basi ameshakusimulia habari ya picha, tena kwa kuongeza chumvi. Nakuandikia uipate na kwangu pia, maana kuna sehemu ambayo yeye haijui.

Lenzi yako ya thelathini na tano imekufa, na niliyeiua ni mimi. Ulipoondoka nilifunga begi la kamera nikaliweka juu ya kabati, nikawa nalipita kila siku bila kuligusa. Mvua za hapa kwetu Mpemba unazijua. Mwaka mzima na nusu begi limefungwa, na kile kitambaa chako cha kufutia kikiwa ndani, kibichi. Nilipolifungua nilikuta ukungu umetambaa katikati ya vioo, nyuzi nyeupe kama za buibui. Ulituimbia kila siku, mimi na Neema, kwamba lenzi inataka hewa na mwanga, begi lisikae limefungwa. Fundi aliimulika kwa taa, akatikisa kichwa, akanirudishia. Nililia dukani kwake kuliko nilivyolia siku ya mazishi yako. Yule fundi hakujua afanye nini, akanipa kiti.

Watu walidhani mpiga picha ni wewe, na mimi ni mke anayebeba begi. Sisi tulijua ilivyo. Wewe ulitazama, mimi nilipanga. Mimi ndiye niliyejua kwamba kwenu mkamwana hakai jirani na baba mkwe, kwamba wake wenza wanatengwa na mtoto katikati yao, kwamba mzee anayetetemeka mikono anapewa mjukuu wa kupakata. Nikishapanga, kazi inabaki kwako. Na lenzi yako haikuwa ya kuvuta. Ukitaka watu waongezeke kwenye picha unarudi nyuma kwa miguu yako mwenyewe, basi.

Lakini sebule za Mbozi zimejaa makochi mpaka mlangoni, ungerudi wapi? Ulirudi dirishani. Ulikalia kizingiti, ukatoa mgongo nje, mimi nikakushika mkanda wa suruali kwa mikono miwili.

"Mama Neema, niongezee kidogo."

Nakulegezea, unazidi kuinama nje.

"Bado shangazi mmoja. Ongeza tena."

Siku ile ya Vwawa mkanda ulikatika. Uliangukia kichanja cha kahawa ya watu, chali, kamera umeinyanyua juu kwa mkono mmoja kama mtu anayevuka mto. Bwana harusi, aliyekuwa amekaza uso tangu asubuhi, alicheka mpaka akatoa machozi. Ulipanda tena dirishani na punje za kahawa mgongoni, ukampiga akiwa bado anacheka. Ile picha wameitundika sebuleni kwao mpaka leo.

Sasa nije Galula. Hatukuwahi kuizungumza vizuri, na ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Ulikuwa umeazima lenzi ya ishirini na nne kwa rafiki yako, na ulikuwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu. "Leo hunishiki mkanda," uliniambia. Asubuhi ile, kabla hatujapanda pikipiki, ulinionyesha kwenye kioo cha kamera: hii inaingiza watu wengi, lakini wa pembeni inawavuta. Ukaniambia pembeni niweke vijana, nisiwasogeze sana mbele, na wazee wote wakae katikati. Nikakujibu nimeelewa.

Tulipofika nilipanga watu karibu arobaini kwenye sebule ya yule mchimbaji madini mwenye harusi, na wewe umesimama ndani, miguu chini, unatabasamu. Bibi yake bwana harusi alitokea jikoni tumeshamaliza. Mstari wa mbele ulikuwa umejaa. Ili nimkalishe katikati ilibidi niwainue wajomba watatu, na nilikuwa nimechoka, na chakula kilikuwa kinapoa. Nikamvutia kigoda pembeni kabisa, mbele, upande wa kulia. Nikakuambia, "Piga."

Ilivyotoka unakumbuka. Wote wazuri, na bibi wa watu shavu limevutwa, kichwa kimepanuka kwenda nje, mkono mnene kama mchi. Waliichukua bila kusema neno. Haikupita miezi mitatu bibi akafariki, na ikaonekana hakuwa na picha nyingine. Wakamkata humo, wakamkuza, wakamweka mbele ya jeneza. Tulikwenda kuzika. Ulisimama mbele ya ile picha umevua kofia, na mjukuu mmoja akawa anawaeleza wageni, "Hakuwa hivi. Bibi hakuwa hivi jamani."

Njiani kurudi ulisema, "Lenzi ile ni mwongo. Siishiki tena." Nilikuwa nimekaa nyuma yako kwenye pikipiki, mdomo wangu karibu kabisa na sikio lako. Ningeweza kusema. Nilinyamaza Galula mpaka nyumbani, na baada ya hapo nikanyamaza miaka tisa. Kila ulipojibana dirishani kwa watu, na baadaye ulipoanza kulalamika kiuno, nilikushika mkanda huku moyo unaniuma. Lenzi haikuwa na kosa. Aliyemkalisha bibi pale ni mimi.

Sijui kama ulijua. Nimelifikiria sana hilo tangu ulale. Wewe hukuwa mtu wa kusahau maneno yako ya asubuhi. Huenda ulijua tangu siku ya kwanza ukaamua kuilaumu lenzi, kwa kuwa lenzi haina moyo wa kuumia.

Basi, dada yako Tumpale alinipigia. Mama hainuki tena, na anataka picha na watoto na wajukuu wote, mle chumbani kwake. Nikamwambia Tumpale atafute mpiga picha wa huko huko. Akasema, "Wifi, mama amesema aje yule wa kwetu. Na wa kwetu aliyebaki ni wewe."

Nikaenda mpakani kwa yule Mzambia anayeuza kamera kuukuu, maana fundi hakuwa na kitu. Alikuwa nazo mbili, ya thelathini na tano na ya ishirini na nne, na uwezo wangu ulikuwa wa moja. Niliwekewa ya kwanza nikamtazama mchoma mahindi wa ng'ambo ya barabara. Uso kama Mungu alivyoumba. Ilikuwa kama kutazama kwa jicho lako, nikashindwa kuendelea, nikaishusha. Nikawekewa ya pili. Duka lote likaingia, mchoma mahindi, lori, foleni ya malori mpaka huko mwisho.

"Bamayo," akaniambia kwa heshima yao ya kumwita mtu mama, "hiyo ni ya kupigia majumba. Ya watu ni hii nyingine."

"Mume wangu naye alikuwa anasema hivyo."

"Basi msikilize mzee."

Nilisimama pale mpaka akahudumia wateja wawili. Nikichukua ya kwako, nitapanda dirishani kwa mama na umri huu, na sijui nimpe nani mkanda wangu. Nikichukua ile nyingine na nikakosea tena, ni mama yako atakayewekwa mbele ya jeneza na uso usio wake, na safari hii hakuna wa kunibebea lawama. Niliogopa, nakwambia ukweli. Lakini kazi iliyoharibika Galula ilikuwa yangu, nikaona sina haki ya kuendelea kuiadhibu lenzi. Nikamwambia anifungie hiyo ya ishirini na nne.

Chumba cha mama unakijua. Kitanda, kabati, na lile dirisha ulilokuwa unasimama nje yake kila Krismasi, unampiga picha kupitia humo akiwa amekaa kitandani. Walikuwa watu ishirini na wawili. Nilipanga karibu saa nzima. Mama katikati, amewekewa mito, kichwa usawa wa kamera. Watoto wadogo miguuni kwake. Pembeni kushoto nikaacha kabati. Pembeni kulia nikamweka mdogo wako Ambakisye.

"Shemeji, mimi mtoto wa kiume wa nyumba hii, unaniweka mlangoni?"

"Una mwili wa kuvumilia, shemeji. Na rudi nyuma kidogo."

Wakacheka, na mimi nikacheka. Niliwainua watu mara tatu. Tumpale akasema chai inapoa. Nikamwambia ipoe.

Nilipoinua kamera mama akaanza kuhesabu watoto wake kwa kidole, kwa Kindali, taratibu. Alipomaliza akauliza uko wapi. Siku zile alikuwa anasahau mambo, mengine anayashika na mengine yanampita. Ambakisye alitazama chini. Mama akageuza uso dirishani, akasema, "Mwambieni aingie. Kila mwaka anasimama nje na baridi hii. Leo humu nafasi ipo."

Nikabonyeza. Sikufikiria, kidole kilikwenda chenyewe. Baadaye nilipiga nyingine saba, wote wakitazama kamera, mama naye. Sita ni nzuri, na moja mtoto alifumba macho. Lakini familia ilipokaa kuchagua ya kuweka mbele ya jeneza, waliichukua ile ya kwanza, na mimi sikuwashauri. Uso wake ni wake, Baba Neema. Mashavu yake, ile mikunjo yake, na lile jicho la kushoto dogo kuliko la kulia. Nilimkagua kwa kioo cha kukuzia kama fundi wa saa. Ambakisye peke yake ndiye ametoka na bega la mbeba mizigo, na ameshaanza kudai hivyo ndivyo alivyo.

Kama uliijua habari ya Galula ukanisitiri, asante, mume wangu. Kama hukujua, sasa umejua, na naomba unisamehe, pamoja na kiuno chako.

Kabla ya ibada Jumamosi, mchungaji alisimama mbele ya picha ile muda mrefu. Ni mgeni, ameletwa juzi juzi, hakukujua. Akaniita kando akaniuliza, kwa upole tu, kwa nini nilimpiga mama akiwa hatazami kamera.

Nikamwambia anamtazama mpiga picha.

Pumzika. Begi sasa halifungwi, liko wazi karibu na dirisha.

Mkeo,
Mama Neema