Maji ya Jumatano

Mdogo wangu Elinami,

Nakusalimu kutoka Marangu, chini ya mvua nyembamba ambayo haijakatika tangu nifike. Nimechoka. Unafahamu kwamba baada ya miaka yote ya kufundisha fizikia na uhandisi wa umeme, nikiwa mwanamke wa kwanza idarani, nilibakiwa na kazi moja: kufua umeme kwa maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia migomba, ili jokofu la chanjo zahanatini lisizimike tena. Jana niliwasomea wanakijiji hesabu zangu. Shangazi yetu alisikiliza hadi mwisho.

“Profesa, na Jumatano maji yakiwa kwa majirani, chanjo zitapoa kwa hotuba?”

Walicheka, nami nikacheka nao. Nimekulia kando ya mfereji huo, lakini nilipiga hesabu kama mtu ambaye hajawahi kungoja zamu ya maji.

Leo majirani wamekubali kutuachia sehemu ya maji ya Jumatano, mradi nishike jembe nizibue mfereji pamoja nao. Usishangazwe na mwandiko huu. Viganja vimeota malengelenge. Wakumbatie watoto, nawe uniombee mgongo.

Dada yako