Gadi ya Grinda Imekuwa Sahani ya Kuku

Alhamisi. Hapa mjini Kabati, joto la mwisho wa Februari. Hakuna wingu hata moja, na nimekasirika tangu saa nne asubuhi.

Wanaonijua watashangaa. Mimi ni yule Mwende ambaye hata kanisani husalimia watu kwa kutikisa kichwa.

Tangu nimalize shule, Fomu Foo, ninasaidia kwenye karakana ya baba, hapa hapa nyumbani. Baba na mdogo wake, anko Kyalo, hutengeneza mageti na madirisha. Mimi napaka rangi. Ni kazi inayonifaa kwa sababu geti haliniulizi maswali.

Leo anko alikuwa anakata vyuma vya geti la kanisa, ambalo linatakiwa lisimame kabla ya Jumapili. Diski ya grinda, ile mashine ya kukatia, ikapasuka. Haikupiga kelele kubwa. Ilikuwa kama mtu amevunja kijiti kikavu. Kipande kimoja kilitoboa mabati nyuma yangu. Kingine kilipita kwenye shavu la anko, upana wa kidole kimoja chini ya jicho.

Alikaa chini polepole, kama mtu aliyechoka tu. Halafu nikaona damu ikipita katikati ya vidole vyake.

Zahanati wakamshona nyuzi saba. Muuguzi akamuuliza kama alikuwa amevaa miwani.

"Nilivaa," anko akasema, akagusa paji la uso. Ilikuwa bado iko pale juu. Ni miwani nyeusi ya jua, anayoitumia kuchomelea, na wakati wa kukata huipandisha kwa sababu haoni mstari.

"Kwa hivyo ulikuwa unakinga nywele," muuguzi akasema.

Anko akacheka mpaka nyuzi zikamuuma. Baba naye akacheka. Mimi sikucheka.

Tuliporudi majirani walikuwa wamejaa uwanjani. Mama Ndanu, kiongozi wa akina mama kanisani, akaomba kwa sauti, akamshukuru Mungu kwa kukikwepesha kile kipande. Wote wakasema amina. Hata mimi nilisema, na ninamwamini Mungu kabisa. Lakini kichwani nilikuwa nawaza: gadi ilikuja ndani ya boksi la grinda, pamoja na skrubu yake. Ni sisi tulioitoa.

Gadi ni lile bati lililopinda nusu duara, linalofunika diski ili ikipasuka vipande visimrukie anayekata. Baba aliitoa kwa sababu ya diski za mji wa Mwingi. Kule kuna karakana kubwa ya kutengeneza mabodi ya malori, na diski zao kubwa zikiisha kidogo huzitupa. Baba huziokota, anazileta kwa gunia. Grinda yetu ni ndogo, na diski hizo hata zikiwa zimelika bado ni kubwa kuliko gadi. Kwa hivyo gadi ikaondoka, diski zikabaki.

Mnataka kujua gadi iko wapi? Ndiyo sahani ya pumba ya kuku. Miaka miwili sasa. Na anayeiosha na kuijaza pumba kila asubuhi ni mimi.

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mwezi wa Januari, nikipanguza vumbi, nilisoma maandishi madogo kwenye diski moja. Imeandikwa mwendo ambao haifai kuupita: mizunguko elfu sita na mia sita kwa dakika. Kwenye grinda yetu imeandikwa elfu kumi na moja. Sihitaji kuwa injinia. Nilielewa papo hapo.

Nikanyamaza.

Nilijiambia baba anajua kazi yake. Nilijiambia anko atanitania, maana tayari ananiita "inspekta" tangu siku nilipofunga leso puani kwa sababu ya moshi. Nilitafuta sababu nyingi, na zote zilikuwa jina lingine la aibu.

Baba mwenyewe ana jicho moja tu zima. Mwaka juzi chembe ya chuma ilimwingia jicho la kushoto, na anko akaitoa kwa ncha ya leso. Tangu hapo, kwa jicho hilo anaona kama mtu anayetazama kupitia moshi. Leo, majirani walipoondoka, nilimsikia akimwambia anko, "Ni bahati mbaya tu, Kyalo. Chuma lazima kikuweke alama. Pumzika, kesho namalizia mimi."

Atamalizia na nini? Na grinda ile ile. Na gunia lile lile. Na hilo jicho lake moja.

Sijawahi kumkasirikia baba hivi. Nampenda, na nilitamani kumpigia kelele mpaka Mwingi wasikie. Sauti haikutoka.

Kwa hivyo nilitumia mikono. Alipomsindikiza anko kwake, nilimimina pumba ya kuku kwenye sufuria kuukuu. Nikasugua gadi kwa brashi ya waya mpaka kutu ikatoka. Skrubu yake niliipata kwenye kopo la misumari. Nikachomoa waya wa umeme wa grinda kwanza, kisha nikaifunga gadi mahali pake. Kwenye rafu kuna diski moja mpya, ndogo, ya saizi yake, ambayo baba ameiweka tangu Krismasi akisubiri "kazi nzuri". Nimeiweka mezani kando ya grinda. Geti la kanisa ni kazi nzuri.

Halafu nikabeba lile gunia mpaka chooni. Nilizitupa moja moja shimoni, diski zote. Hakuna mtu atakayezifuata huko.

Jua bado halijazama, na baba ameshaingia uwanjani. Namsikia akiwauliza kuku nani amechukua sahani yao. Anatania. Bado hajafika karakana.

Akifika ataita. Swali lake nalijua, na jibu lake ni neno moja. Nimelirudia hapa kitandani mara kumi, kwa sauti, ili koo lizoee.

Mimi.