Mbatata za Njombe na Paja la Mzee Danieli

Maili Moja, Kibaha
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie na baba shikamoo yangu. Kabla sijasema lolote, niambie goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Njombe. Ile dawa ya kuchua niliyompa shangazi akuletee, umeanza kuitumia, au umeifungia kabatini kama kawaida yako? Sisi huku ni wazima. Mjukuu wako Upendo anakutaja kila anapoiona sweta uliyomfumia, ingawa kwa joto la hapa hajaivaa hata siku moja. Huilalia kama mto.

Gunia la viazi limefika, Mama. Yule dereva wa lori la mbao alilishusha mwenyewe mlangoni kwangu, wala hakukubali kuondoka mpaka nilipolifungua mbele yake ahakikishe. Vilivyooza njiani ni viwili tu. Asante sana. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nione mambo yatakwishaje, maana viazi hivyo vimefanya kazi ambayo ulipokuwa ukivichimba hukuijua.

Nilikueleza kwamba baba mkwe wangu, Mzee Danieli baba yake Yohana, alifariki kule kwao Kisarawe. Yohana alimleta mama yake hapa kwetu baada ya maziko. Watu wa kule wanahamia kijiji kipya, kila kaya inajenga upya, na mama mjane wa umri ule asingeweza kukata miti na kukandika peke yake. Alikuja na sanduku moja la nguo, Biblia, na kitu kizito kilichofungwa kwenye kipande cha gunia. Kitu hicho alimwambia Yohana akitundike juu kabisa jikoni, karibu na moshi, na kisiguswe na mtu.

Kilikuwa paja la nguruwe. Mzee Danieli alikuwa mpishi wa nyumba ya misheni tangu ujana wake, na huko alijifunza kulitia paja chumvi, kulikandamiza, kisha kulitundika juu ya moshi kwa majuma mengi hadi likauke. Hata alipostaafu aliendelea kufanya hivyo nyumbani kila mwaka. Hili ndilo la mwisho aliloshika kwa mikono yake.

Mama, nakuambia ukweli kama mwanao na kama muuguzi: nilidhani tutamzika na mama mkwe wangu. Alikuwa hali chakula. Uji vijiko viwili, chai nusu kikombe, basi. Ugali alikuwa akiumega na kuuviringisha vidoleni, halafu anaurudisha sahanini. Nilimpeleka akapimwa, daktari akasema hana ugonjwa. Magauni yakawa yanampwaya mpaka nikayapunguza kwa sindano. Nami, unajua, nilikuwa bado namwogopa. Tangu tufunge ndoa nilimwona mama mkali, asiye na maneno mengi, na nilihisi hakuridhika mwanawe kuoa msichana wa mbali asiyejua hata kukuna nazi. Kila sahani iliyorudi imejaa niliiona kama hukumu juu yangu.

Siku gunia lilipofika, nilimwaga viazi uani ili vipate hewa. Mama Yohana alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Akanyoosha mkono, akachukua kimoja, akakifuta udongo kwa ncha ya kanga.

"Mbatata nzuri hizi," alisema. "Mzee angezipenda."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema juma zima. Nikakaa chini polepole, nisimshtue. Nikamuuliza, "Angezipikaje, Mama?"

"Angezilaza." Akakigeuza kiazi kiganjani. "Anazikata nyembamba, anazilaza kwenye sufuria na vitunguu, na paja, na maziwa. Anapalia moto." Kisha akakirudisha kiazi mahali pake na kuniomba nimsaidie kuingia ndani.

Basi kesho yake, nilipotoka zamu ya asubuhi, nikajaribu. Paja sikulitaja wala kulitazama. Nilikata viazi, nikavipanga na vitunguu, nikamimina maziwa, nikafunika na kuweka jikoni. Nilisahau jambo moja, kwamba kwetu huko nyumbani hatupalii makaa juu ya sufuria, nami nikachochea moto chini kama kawaida. Baada ya muda harufu ya kuungua ikajaa mtaa mzima, mpaka jirani yangu Bi Mwajuma akaja mbio.

"Mama Upendo! Unaunguza nini?"

Bi Mwajuma ni Mzaramo wa hapa hapa, Mwislamu mshika dini, na hodari wa mikate ya kumimina kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nilimweleza shida yangu. Nikamwambia pia wazi kwamba chakula chenyewe, kikikamilika, kina nyama ambayo yeye haigusi, ili asije akasema nilimficha.

Akacheka. "Nyama ni yako na sufuria ni yako, sizigusi. Lakini moto hauna dini. Nitakaa hapa kwenye kigoda nikuonyeshe kwa kidole."

Akanionyesha. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na jiko lisipepewe. Niligawa makaa upya, nikapika sufuria ya pili bila paja, ikaiva vizuri, juu rangi ya dhahabu. Nikamtengea mama mkwe wangu. Alichota kijiko kimoja, akatafuna muda mrefu, akakiweka kijiko chini.

"Umejitahidi, mwanangu," alisema. "Lakini sicho."

Mama, sikuweza kujizuia. Niliinuka nikatoka nje, nikasimama nyuma ya nyumba na aproni usoni. Si kwa sababu ya viazi. Ni kwamba alikuwa ameniita mwanangu, mara ya kwanza, na bado nilikuwa nimeshindwa kumlisha.

Niliporudi, Yohana alikuwa amefika kutoka shuleni na amekaa kando ya mama yake. Wote wawili walikuwa wakitazama juu, kule kwenye kifurushi cha gunia. Yohana akasema kwa upole, "Mama, tuliache tu. Ni kumbukumbu yake."

Mama Yohana akatikisa kichwa. Kisha akasema, "Mtu huyu hakukausha nyama ili itazamwe. Lishushe."

Yohana alilishusha. Mimi nikatangulia kuleta kisu, lakini mama yake akaninyang'anya. Akasimama, Mama! Kwa miguu yake mwenyewe, bila kushika ukuta, akafungua gunia na kukata. Nje paja lilikuwa jeusi kwa masizi na gumu kama gome. Nilikuwa na wasiwasi wa kiuguzi, nikajiandaa kukuta limeharibika. Lakini ndani lilikuwa jekundu kama moyo wa pera, safi kabisa, na harufu ya moshi na chumvi ikatoka ya kutamanisha. Niliinama nikanusa karibu na mfupa, mahali ambapo nyama huanza kuoza, nikakuta hakuna kasoro. Nimeona madaktari wanaoshona vidonda kwa ustadi, lakini kazi ile ya yule mzee iliwazidi. Alijua chumvi ifike wapi na katika siku ngapi, na hakuwa na kitabu.

Tukapika siku iliyofuata, mama mkwe wangu akiwa amekaa kando yangu. Na hapa ndipo nilipogundua jambo la ajabu. Nilimuuliza, vipande vilowekwe muda gani? Hakujua. Maziwa kiasi gani? Hakujua.

"Sijawahi kukipika," alisema. "Nimekila tu."

Yohana aliinua kichwa kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi aliyokuwa akisahihisha. "Lakini Mama, ulikuwa ukitutengea sisi kila Krismasi!"

"Nilikuwa natenga. Aliyekuwa akipika ni baba yako."

Akatusimulia, Mama, na nitakusimulia kama alivyosema. Mtoto wao wa kwanza, kabla ya Yohana, alizaliwa akiwa amekwisha kufariki. Mama Yohana alilala amegeukia ukuta, hakula wala hakusema na mtu. Wanawake wa ukoo walileta kila aina ya chakula, kikarudi. Siku moja Mzee Danieli akarudi kutoka misheni na mbatata kwenye mfuko wa kanzu yake ya kazi na kipande cha paja. Akawatoa wanawake wote jikoni, akafunga mlango, akapika. Akamlisha mwenyewe kwa kijiko. Tangu hapo, kila alipojifungua, kila alipougua, kila mwaka tarehe ya yule mtoto, mlango wa jiko ulifungwa.

"Kwa nini aufunge, Mama?" niliuliza.

"Wee! Wakati ule? Mpishi wa Wazungu ni kazi, ana mshahara. Lakini mwanamume kumpikia mkewe? Wangesema nimemtilia limbwata. Wangemcheka mpaka ashindwe kupita njiani. Basi anapika yeye, mimi natoka na sufuria, watu wananisifu mimi." Akacheka kidogo, huku machozi yanamtiririka. "Nimesifiwa miaka mingi kwa chakula nisichokijua."

Yohana aliiweka peni chini akatoka uani. Nikamwacha.

Kwa hiyo tulilazimika kukitafuta chakula kile kwa ulimi wake. Nililoweka vipande vya paja maji yakamwagwa mara mbili, akaonja, akasema bado chumvi, ya tatu akaitika. Viazi nilivikata nyembamba mpaka akaridhika. Maziwa tuliyapata kwa mama mmoja anayeyaleta kutoka kwa wafugaji wa Magindu, maziwa mazito yenye utando, si haya ya kuongezwa maji. Tukalaza viazi, vitunguu, paja, tena viazi. Nilipotaka kumimina maziwa, akanishika mkono.

"Ngoja. Hapo alikuwa akitia mkono mfukoni. Anatoa kitu kama mbegu, anakikwaruza juu ya kisu. Ni kidogo sana."

Nikataja iliki, akakataa. Mdalasini, akakataa. Nikamwita Bi Mwajuma kwenye kigoda chake, nikamweleza. Alikwenda kwake akarudi na kitu kiganjani, akakisogeza puani mwa Mama Yohana. Mama mkwe wangu akafumba macho.

"Ndicho," akasema.

Ilikuwa kungumanga, ile wanayotia kwenye vitamutamu vyao vya sikukuu.

Juu tulinyunyiza mkate mkavu uliopondwa na samli kidogo. Bi Mwajuma akasimamia moto kwa kidole, akazikataa pole zangu zote na kukataa hata chai, akisema anataka kuona mwisho. Tulipofungua, maziwa yalikuwa yameganda kati ya viazi, kingo zinachemka taratibu, na juu pamekauka vizuri. Kiazi kilikatika kwa kijiko tu. Na ladha yake, Mama, nitaielezaje? Viazi vyako vilikuwa laini na vitamu, na kila baada ya viazi unakutana na chumvi na moshi, kisha unarudi kwenye ulaini. Ni chakula cha kumwambia mtu akae, hakuna haraka.

Mama Yohana alikula sahani nzima. Kisha akaongeza. Upendo akapanda mapajani pake, wakala kijiko kimoja kwa zamu. Bi Mwajuma, ambaye hakuonja hata chembe, alipiga vigelegele hapo hapo kwenye kigoda, mpaka majirani wakadhani tuna posa.

Hayo yamepita majuma matatu. Sasa anakula kila kitu, hata ugali wangu, na magauni yale nimeyafumua mishono. Lakini lililonifanya nikae leo kukuandikia ni la jana. Asubuhi alimwita Yohana uani, akamkalisha mbele ya beseni la viazi na kisu. Si jikoni ndani. Uani, penye njia ambayo watu wote wanapita kwenda kisimani.

Mume wangu, mwalimu wa watu, akaanza kumenya. Alimenya vibaya, nusu ya kiazi kinakwenda na ganda, lakini alimenya. Ikawa balozi wetu wa nyumba kumi anapita kukumbusha watu zamu ya shamba la ujamaa. Akasimama.

"Mwalimu, kulikoni? Mkeo anaumwa?"

Kabla Yohana hajafungua kinywa, mama yake alijibu. "Mkewe ni mzima, yuko kazini anatibu watu. Baba yake huyu alipika kwa kujificha, nami nilikubali ajifiche mpaka akafa. Huyu hajifichi. Kaa, Ndugu Balozi, kuna kisu kingine."

Balozi akakohoa, akasema ana kikao. Nami nilikuwa nimesharudi jioni alipokuja tena, akanivuta kando akauliza kwa sauti ya chini: yale maziwa yanatiwa kabla ya paja au baada?

Mama, nilikuwa namwogopa mwanamke huyu. Sasa ninapotoka kazini natembea haraka ili nimkute hajalala. Yohana naye huketi naye akimuuliza habari za baba yake, mambo ambayo hakuwahi kuyauliza mzee akiwa hai.

Nisalimie baba, na umwambie asicheke sana habari za mkwewe kumenya viazi. Nisalimie shangazi Tabita, kaka yangu Simoni na mkewe anayetarajia. Mwambie apumzike mchana, ni amri ya muuguzi. Mchungaji naye msalimie, na yule dereva wa mbao akipita mpe maziwa ya mgando, kwani alikataa nauli yangu.

Mama Yohana amekaa hapa pembeni, ananiambia nisifunge bahasha mpaka niandike maneno yake kama yalivyo. Anasema: "Mwambie mama yako, mimi na yeye hatujaonana tangu siku ya harusi, na siku ile sikumsemesha vizuri. Anisamehe. Mtoto aliyemlea ni wangu pia."

Ni mimi mwanao,
Esta